Mhusika Anataka Nini? Hotuba kwa Walimu wa Tamthilia

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanachuo ambao karibuni mtasimama mbele ya darasa: nawasalimu, na nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ninalolipenda kuliko mengine yote katika kazi yetu. Nimeombwa nieleze namna ya kumfundisha mwanafunzi kuchambua wahusika wa tamthilia na kuumba wa kwake. Nitaanzia kwenye daftari.

Fungua daftari la fasihi la mwanafunzi mwenye bidii. Utakuta jina la mhusika limepigiwa mstari, na chini yake sifa zimepangwa: ni katili, ni mnafiki, ana tamaa, ana busara. Kila sifa imeambatanishwa na tukio moja kutoka kwenye tamthilia, na mwalimu ametia alama ya vema. Mtihani mwanafunzi huyo ataufaulu. Lakini mwombe asimame aseme mstari mmoja tu wa mhusika ambaye amemwandikia kurasa mbili. Atababaika. Atakunja uso na kupaza sauti, kwa sababu ameandika kwamba mhusika ni katili, na ukatili kwake ni uso uliokunjwa. Halafu mpe karatasi tupu, umwambie aandike onyesho fupi la kwake. Atakuletea mtu mbaya anayesema mambo mabaya, mtu mwema anayesema mambo mema, na mwishoni yule mbaya anaumbuka.

Udhaifu huo wa kuigiza na huo wa kuandika una mzizi mmoja. Tumemfundisha mwanafunzi kumjua mhusika kwa vivumishi, na kivumishi hakiigiziki wala hakiandikiki. Hakuna mwigizaji duniani anayeweza kuingia jukwaani "kuwa mkatili". Anaweza kumtisha mtu, kumnyima mtu, kumcheka mtu aliyeanguka. Hayo ni matendo, na matendo hayo yanatokana na kitu ambacho mhusika anakitaka. Kwa hiyo leo natetea jambo moja tu: tumfundishe mwanafunzi kumsoma mhusika kwa anachokitaka na anachokifanya ili akipate. Sifa zije mwisho, kama hukumu inavyotolewa baada ya ushahidi kusikilizwa.

Wazo hili ni la zamani sana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, ni uigaji wa matendo na wa maisha, na kwamba watu walio ndani yake hawatendi ili tabia zao zionekane. Tabia zao zinaonekana kwa sababu wanatenda. Alifika hata kusema kwamba tanzia isiyo na tabia inawezekana, ila isiyo na tendo haiwezekani. Unaweza kubishana naye kwenye hilo la mwisho. Lakini mpangilio wake wa mambo, tendo kwanza na tabia baadaye, ndio mpangilio ambao somo letu limeugeuza juu chini.

Nadhani tuliugeuza kwa sababu tumeazima zana kutoka kwenye riwaya bila kuzikagua. Tuchukue mgawanyo tunaoufundisha wote wa wahusika bapa, wenye sifa moja isiyobadilika, na wahusika duara. Ulitoka kwa mwandishi wa riwaya Mwingereza, E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, na mihadhara ile ilihusu riwaya. Kipimo chake ni kizuri: mhusika duara anaweza kutushangaza, na bado tukamwamini. Lakini riwaya ina msimulizi. Msimulizi anaweza kuingia moyoni mwa mhusika akatuambia anamchukia baba yake, anaogopa giza, amejuta. Katika tamthilia mlango huo umefungwa. Tumebaki na maneno yanayosemwa, matendo yanayotendwa, ukimya, na maelekezo machache ya jukwaani. Hata mhusika anapobaki peke yake jukwaani akazungumza na nafsi yake, bado anafanya kitu: anajishawishi, anajitetea, anajidanganya. Mwanafunzi anayeisoma tamthilia kama anavyosoma riwaya humwamini kila mhusika kwa kila analosema, na hapo ndipo uchambuzi wake unapopotea.

Ngoja nionyeshe kwa mfano. Nimeutunga mwenyewe, na mnaweza kuutumia mkitaka. Kassim na Zaituni ni ndugu. Kassim aliondoka nyumbani muda mrefu uliopita, na leo amerudi. Baba yao mgonjwa amelala chumba cha ndani.

KASSIM: Umechoka, dada yangu. Kaa kidogo.
ZAITUNI: Nikikaa nani atampa dawa?
KASSIM: Nitampa mimi. Wewe umefanya ya kutosha.
ZAITUNI: Hujui hata anazinywa saa ngapi.
KASSIM: Nyumba hii imekula ujana wako, Zaituni.
ZAITUNI: Nyumba?
KASSIM: Nasema tu. Paa lenyewe linavuja.
ZAITUNI (akiiokota bahasha iliyo karibu na mkono wa Kassim): Hii ni nini, bwana Kassim?

Mwanafunzi aliyezoea kuorodhesha sifa ataandika kwamba Kassim ni mpole, ana huruma na anajali familia, na kwamba Zaituni ni mkali na mwenye shaka. Ushahidi anao: Kassim amemwambia dada yake akae, ameahidi kumpa mzee dawa. Ukimwekea alama, huna pa kumkosoa. Na hajaelewa chochote.

Sasa mwambie aandike kitenzi kimoja pembezoni mwa kila mstari, kwa sharti hili: kitenzi lazima kimguse mtu. Lugha yetu inatusaidia mno hapa, maana kitenzi chetu kinambeba anayetendewa ndani yake. "Ana huzuni" haikubaliki. "Anamwonea haya" haitoshi, kwa sababu hilo linabaki moyoni mwake mwenyewe. "Anamwaibisha" inakubalika, kwa kuwa mtu mwingine ameguswa. Basi mstari wa kwanza: anambembeleza. Wa pili: anamkatalia. Wa tatu, "wewe umefanya ya kutosha", utawagawa darasani, na uache uwagawe. Mmoja atasema anamsifu. Mwingine atasema anamwondoa kazini. Wote wawili wana haki, na ukiwauliza ni kipi anakifanya kwa kutumia kingine, wameshaingia ndani ya mhusika: anamsifu ili amwondoe. Mstari wa tano anamhurumia ili aikatae nyumba. Mstari wa saba, baada ya kushtukiwa, anarudi nyuma na kumpoza. Ukisoma vile vitenzi peke yake kutoka juu hadi chini, utamwona mtu anayetaka kitu na bado hajathubutu kukitaja. Kisha uliza swali moja: anataka nini? Atatokea mwanafunzi, na mara nyingi si yule anayeongoza darasani, atakayesema, "Anataka wauze nyumba." Bahasha haijafunguliwa na neno "kuuza" halijatamkwa.

Tazama pia wanavyoitana. Kassim anaanza na "dada yangu". Anapokaribia jambo lenyewe anasema "Zaituni". Na Zaituni, aliyekuwa hamwiti kwa jina lolote, anamaliza na "bwana Kassim". Kaka hageuki bwana kwa bahati mbaya. Kiswahili kimejaa vipimio vya namna hii: mwanangu, mzee, mheshimiwa, wewe, jina la utani, jina kamili. Mfundishe mwanafunzi azungushie duara kila wito na kila mahali wito unapobadilika, kwa kuwa hapo uhusiano umesogea. Vivyo hivyo kwa kauli ya kutendwa. Mtu anayesema "pesa zilichukuliwa" na anayesema "nilizichukua" wanaweza kuwa wanazungumzia tukio lilelile, na tofauti iliyopo kati yao ni tabia nzima. Aina hii ya ushahidi imelala kwenye kila ukurasa, na tunaipita tukikimbilia kutafuta tukio kubwa la kuthibitisha kwamba mhusika ni mnafiki.

Kuna swali lingine ambalo ningetaka liwe mazoea ya darasa, nalo nimelichukua kwa Bertolt Brecht, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia wa Ujerumani. Yeye aliwataka waigizaji wake waonyeshe alichochagua mhusika na wakati huohuo waache ionekane kwamba angeweza kuchagua kingine. Darasani linakuwa hivi: hapa mhusika angeweza kufanya nini, asifanye? Kassim angeweza kuingia, akaiweka bahasha mezani na kusema, "Nimekuja na hati, tuzungumze." Hakufanya hivyo. Kwa nini? Labda anajua dada yake atakataa. Labda anaona haya. Labda ameshafanya makubaliano na mnunuzi na muda umekwisha. Kila jibu linatupa Kassim mwingine, na mwanafunzi atalazimika kurudi kwenye matini kuona lipi linasimama. Mhusika ambaye hakuwa na njia nyingine hana tabia ya kuchambuliwa, amesukumwa tu.

Nije kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha uchambuzi wa tamthilia, na ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipa aya moja ikiwa tuna bahati. Mhusika hayupo peke yake. Aristotle anatueleza kwamba katika Ugiriki ya kale mtunzi wa tanzia Aeschylus ndiye aliyeongeza idadi ya waigizaji kutoka mmoja hadi wawili, na mtunzi mwenzake Sophocles akaleta wa tatu. Fikirini mabadiliko hayo yalifungua nini. Akiwapo mwigizaji mmoja na kwaya, anasimulia, anajibizana na kundi, anaomboleza. Wakiwapo wawili, wanaweza kupingana kila mmoja kwa lake. Wakiwapo watatu, panatokea kitu kipya kabisa: mtu anamwambia wa pili maneno yaliyokusudiwa kusikiwa na wa tatu. Uongo unapata shahidi. Mtu anaweza kuwa mnyenyekevu kwa huyu na jeuri kwa yule ndani ya pumzi moja.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza "Kassim ni mtu wa namna gani?", uliza "Kassim ni mtu wa namna gani mbele ya nani?" Wape wanafunzi waichore tamthilia nzima kwa jozi: mhusika mkuu na mama yake, mhusika mkuu na bosi wake, mhusika mkuu na mtu anayemdai. Kila jozi waandike anataka nini kwa mtu huyo na anatumia njia gani. Mwishoni ndipo wanapogundua kwamba yule waliyemwita mwoga kwa bosi ni dhalimu nyumbani, na swali lenye thamani linazaliwa lenyewe: lipi kati ya hayo mawili linalisha lenzake?

Na hapo hapo niseme neno kuhusu ushahidi unaotolewa na wahusika wengine. Wanafunzi wengi wakikuta mhusika A anasema mhusika B ni mwizi, wanaandika: B ni mwizi. Wafundishe kwamba maneno ya A kwanza ni ushahidi juu ya A. Anamwambia nani? Anafaidika vipi? Angeyasema B akiwapo?

Konstantin Stanislavski, ambaye mwaka 1898 alianzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, aliwaachia waigizaji zana mbili ambazo mwalimu wa darasa la kawaida anaweza kuzitumia bila jukwaa wala maleba. Ya kwanza ni mazingira aliyopewa mhusika: ni saa ngapi, ametoka wapi, nini kimetokea muda mfupi kabla hajaingia, anajua nini na hajui nini. Ya pili ni neno "kama": kama mimi ningekuwa katika mazingira haya, ningefanya nini? Swali hilo halimwombi mwanafunzi ajigeuze mtu mwingine kwa uchawi. Linamwomba afikiri.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu Stanislavski huyohuyo anahusishwa na mbinu ya kumtaka mwigizaji achimbe kumbukumbu za maumivu yake ili alie jukwaani. Katika miaka yake ya mwisho yeye mwenyewe aliweka uzito kwenye matendo ya mwili: fanya jambo halisi, na hisia itafuata. Darasani, nawasihi, tubaki kwenye matendo. Kumwambia mtoto akumbuke siku aliyofiwa ili aweze kuigiza vizuri ni kumfungua kidonda ambacho wewe mwalimu hukusomea kukitibu, na mbele ya wenzake hamsini. Mpe mazingira ya mhusika. Mwambie akunje nguo za mtu ambaye hatarudi, aamue ipi abaki nayo. Kazi ya mikono itamfikisha pale unapotaka, na atakuwa salama.

Wengi wenu mnalitumia zoezi la kumkalisha mwanafunzi kwenye kiti mbele ya darasa, akajibu maswali kama mhusika. Ni zoezi zuri, ila mara nyingi hupotezwa na maswali. Una miaka mingapi? Unapenda rangi gani? Hayo hayatupeleki popote. Weka masharti matatu. Kila swali liguse uamuzi uliofanyika ndani ya tamthilia. Kila jibu liwe na tegemeo kwenye matini, hata kama tegemeo ni la mbali. Na sharti ninalolipenda zaidi: anayejibu ana ruhusa ya kudanganya, iwapo mhusika wake angedanganya mbele ya waulizaji hawa. Kazi ya darasa ni kuukamata uongo na kusema wameukamata wapi. Ghafla wanafunzi wanaanza kusoma kurasa kwa makini ambayo swali la "taja sifa tatu" halijawahi kuyazaa. Ukiwa na ujasiri, kaa wewe mwenyewe kwenye kiti. Dorothy Heathcote, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alijenga njia nzima ya ufundishaji juu ya mwalimu kuingia katika uhusika pamoja na wanafunzi wake. Mwalimu akiwa mhusika anayehitaji msaada, mhusika asiyejua, madaraka darasani yanahama, na wale waliokuwa wakikaa kimya wanagundua kwamba wanahitajika.

Kwa darasa kubwa lisilo na nafasi ya kuchezea, jaribu sanamu. Augusto Boal wa Brazil aliifanya taswira ya mwili kuwa nyenzo kuu ya kazi yake: watu wanaunda picha isiyosogea wala kuzungumza, na watazamaji wanaisoma. Wanafunzi wawili wasimame mbele, wamwonyeshe Kassim na Zaituni katika mstari wa mwisho. Nani yuko karibu na mlango? Mkono wa bahasha uko juu au chini? Uso umeelekea wapi? Mwanafunzi mwingine aje awasogeze hatua moja, na darasa liseme nini kimebadilika. Dakika tano zinatosha, na madawati hayahamishwi.

Sasa tuingie upande wa kuumba. Nimesema ni kazi ileile, na nasimamia hilo: mwanafunzi aliyezoea kuuliza "anataka nini, anafanya nini, anamficha nani" ameshapata zana za mwandishi. Lakini desturi yetu ni kumpa fomu: jina, umri, kazi, urefu, anavyovaa, anachokipenda, anachokichukia. Anaijaza yote kwa moyo mmoja, na akimaliza ana wasifu wa mtu aliyekaa. Hajui amfanyie nini. Fomu hizo zisiwe mwanzo. Mwanzo uwe watu wawili na kitu kimoja kisichogawanyika: kiti kimoja kwenye gari la mwisho, barua moja, mtoto mmoja, sahihi moja. Kila mmoja anakitaka kwa sababu ambayo, ukimsikiliza yeye, ni ya haki.

Hilo la haki nalirudia kwa sababu ndilo linalomkomboa mwanafunzi kutoka kwa mtu mbaya wa kubuni. Mwambie aandike aya moja ambamo mpinzani wa mhusika wake anajitetea mbele ya mtu anayempenda. Asiandike kwa kejeli. Aandike kwa nguvu zote za hoja. Kama hawezi, mpinzani huyo bado hajazaliwa, arudi akamtafute. Kisha amtafutie mhusika mkuu jambo moja ambalo hatalifanya kamwe, hata kwa kitu anachokitamani, na aielekeze hadithi huko huko, mpaka mtu huyo afike kwenye mpaka wake. Akiuvuka tumemjua. Akikataa kuuvuka tumemjua vilevile.

Wahusika wadogo wasisahauliwe. Mjumbe anayeingia kutoa habari na kutoka ni maiti inayotembea, hadi utakapompa hamu yake ndogo: anataka kuondoka upesi, au anataka atunzwe, au anaogopa kulaumiwa kwa habari alizozibeba. Mistari mitatu tu, na jukwaa linachangamka.

Halafu lugha. Mwanafunzi akimaliza rasimu, afunike majina yote ya wasemaji kwa kidole na amsomee mwenzake. Mwenzake aseme nani anasema. Mara ya kwanza karibu wote watashindwa, kwa kuwa wahusika wote wanazungumza kama mwanafunzi aliyewaandika, tena kwa Kiswahili cha insha. Dawa yake ni kuuliza maswali ya kina kwa kila mhusika. Anamaliza sentensi zake au anaziacha? Anauliza au anajibu tu? Anatumia methali, na kama anazitumia, anampigia nani? Mtu anayempigia methali mkubwa wake na anayempigia mdogo wake wanafanya mambo mawili tofauti: wa kwanza anajificha nyuma ya wahenga, wa pili anakalia kiti chao. Ni maneno gani hathubutu kuyatamka, na anayazunguka vipi?

Kuhusu majina ya majazi, msimamo wangu una pande mbili. Katika tashtiti, yaani kazi za kejeli, na vichekesho, jina linalotangaza tabia hufanya kazi nzuri, na tamthilia ya Kiswahili imelitumia kwa ustadi. Humo hata mhusika bapa ana heshima yake, maana kichekesho kinategemea mtu asiyeweza kubadilika hata pale anapolazimika. Lakini mwanafunzi anayeanza kuandika akimwita mhusika wake Mlafi, ameshatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa, na hataona sababu ya kuandika onyesho la kuithibitisha. Kwa rasimu za mwanzo nawakataza. Wakishajua kumjenga mtu, warudi kwenye majazi kwa hiari.

Nawakataza pia maelekezo ya jukwaani ya namna ya "kwa hasira", "kwa huzuni", "kwa mshangao". Ukiyafuta, moja kati ya mawili litatokea. Ama hasira imo tayari kwenye maneno, na maelekezo yalikuwa mzigo, ama haimo, na mwandishi ana kazi ya kufanya. Aandike anachokifanya mhusika: anasukuma sahani, anafunga kitufe cha shati, anahesabu noti kwa mara ya pili.

Rasimu isomwe kwa sauti, na mwandishi asishike nafasi yoyote. Akae kimya, asikilize. Akijizuia kueleza "hapa nilimaanisha", atasikia mwenyewe pale mwenzake anapojikwaa, na pale mhusika anaposema jambo ambalo asingelisema.

Lipo suala la ulinzi ambalo sitaliacha. Mwanafunzi aliyeigiza mwizi asubuhi huitwa mwizi mchana, na kwa mwanafunzi asiye na marafiki wengi jina hilo linaweza kumganda muhula mzima. Kila zoezi la uhusika liwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kitu kidogo kinatosha: kitambaa kinachovaliwa na kuvuliwa, au mwanafunzi kutaja jina lake halisi na jambo moja linalomtofautisha na mhusika aliyemcheza. Zungusha nafasi pia. Tukimpa yuleyule mrefu mwenye sauti nzito ufalme kila mara, na yuleyule mpole utumishi, tunawafundisha jambo ambalo halimo kwenye mtaala. Wasichana wacheze wafalme. Mwenye kigugumizi apewe nafasi yenye uzito, na muda.

Mtaniuliza juu ya mtihani, na mna haki ya kuuliza, kwa kuwa swali la "eleza sifa za mhusika" halitaondoka kesho. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi aliyepita njia hii atalijibu vizuri zaidi. Atafika kwenye neno "mnafiki" akiwa na jozi mbili za mahusiano, wito uliobadilika na uamuzi mmoja alioupima dhidi ya ule ambao haukufanyika. Sisi upande wetu tuwape alama zaidi wanaoonyesha mgongano ndani ya mhusika kuliko wanaojaza sifa nane zinazofanana. Na katika mazoezi ya darasani, ambako swali ni letu wenyewe, tuulize vingine: mhusika huyu anataka nini katika onyesho la pili, na ni katika mstari upi anabadilisha njia yake ya kukitafuta?

Mwenyekiti amenionyesha kwamba muda umesogea, nami naomba dakika zilizobaki tuzitumie kufanya kazi. Kaeni watatu watatu. Wawili wachukue onyesho la Kassim na Zaituni na kulisoma mara moja kama lilivyo. Kisha wa tatu aingie akae kando kama baba yao, aliyeamka na sasa anasikia kila neno. Asiseme kitu. Someni maneno yaleyale tena, bila kubadilisha hata herufi, na kila mmoja aandike kitenzi kipya pembezoni mwa kila mstari uliobadilika. Tutaanza kusikia kutoka kundi la nyuma kabisa.